Sweta Niliyoifumua

Miaka ya tisini ilinikuta Malaba, upande wa Kenya, nikikaa katika chumba na sebule nyuma ya barabara ambapo malori yalipanga foleni yakingoja karatasi zao zigongwe mihuri. Nilikuwa mfumaji. Ndivyo nilivyopenda kujiita. Majirani walisema "yule mama wa sweta," nami sikuwahi kuwasahihisha, ingawa nilitamani.

Uzi mpya haukuwa wa watu kama mimi. Kila Jumatano nilikwenda sokoni Busia, nikakaa chini mbele ya wanawake waliovuka na mitumba kutoka Uganda, nikachagua sweta ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezivaa: zenye matundu kifuani, zenye shingo iliyolegea, zilizofumwa na mtu wa mbali huko kwa ajili ya mwili ambao sijui ulikuwa wa namna gani. Nyumbani nilikata mishono ya mabegani na ya ubavuni, nikatafuta ncha, nikavuta. Sweta ilirudi kuwa uzi. Uzi niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufua kwa sabuni ya unga, nikauanika kwenye kamba na kuufungia jiwe chini ili mikunjo itoke. Ukikauka, umenyooka, nao haukumbuki chochote. Sweta moja ya Mzungu ilivalisha watoto watatu wa Malaba, na mama zao walidhani nimeagiza uzi kutoka Nairobi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kazi ilipokwisha niliendelea na mambo yaleyale kwa kujifurahisha: vitambaa vya makochi vya kroshia, ambavyo vilijaa hadi juu ya redio na juu ya mtungi wa maji, na maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Dada yangu alipokuja kutoka Moding aliuliza kama bado kuna mahali pa mtu kukaa. Nilimwambia akae kwenye kitambaa, ndiyo kazi yake.

Na paka. Paka huyu alishuka kutoka kwenye lori la mahindi, akavuka barabara kama mtu aliyelipiwa kodi, akaingia kwangu. Sikumpa jina. Nilimwita Wewe, naye aliitika alipotaka. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha: hakulala mahali nilipomtandikia. Alilala juu ya kitu chochote cha sufu ambacho binadamu alikihitaji siku hiyo. Kama kitu hicho kilikuwa kimetundikwa, alikirukia, akakiteremsha, akakikanyaga-kanyaga kwa miguu ya mbele hadi kiwe godoro, kisha akalala na kunitazama.

Kwa sababu yake niliweka sheria. Sweta za kufumua zilikaa ndani ya gunia, kushoto kwa kiti changu. Nguo za watu zilizoletwa kurekebishwa zilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Gunia ni gunia, msumari ni msumari. Niliwaambia hata wateja wangu sheria hiyo, kwa majivuno, na kila mtu Malaba alijua kwamba kwangu nguo ya mtu haipotei.

Alhamisi moja asubuhi alikuja mwanamke aliyekuwa akikaa ploti ya tatu kutoka kwetu. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa amezikwa mwezi uliopita kwao, karibu na Amukura. Aliugua muda mrefu, na ugonjwa wenyewe haukutajwa, maana miaka ile haukuwa ukitajwa. Mjane alikuwa bado kijana, mwembamba, na alizungumza kwa sauti ya chini ambayo ilinifanya niiname kumsikia. Sikupenda kuinama. Nilikuwa na haraka, na ndani ya nafsi yangu nilimwona kama mtu anayejidekeza. Naona aibu kuliandika hilo.

Alitoa sweta kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa ya kahawia, ya mikono mirefu, na niliona mara moja kwamba imefumwa kwa mkono, si kwa mashine. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimeungua, na tundu lilitosha kupitisha ngumi.

"Alikuwa anavaa hii kila safari," alisema. "Baridi ya huko juu Timboroa. Siku moja akaegemea eksozi ya lori, ikiwa moto."

"Nitaiziba. Haitaonekana."

"Mama, tafadhali. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo wanagawa nguo zake."

Akanieleza, ingawa nilikuwa nimekwisha kusikia. Kwa ukoo ule, nguo za marehemu hukaa pamoja tangu siku ya maziko, wala mtu hazigusi. Siku ikifika hutandikwa mkeka uani, nguo zote zinawekwa juu yake mbele ya watu, na mjomba wa marehemu anaziita moja moja. Hii ya fulani, hii ya fulani. Nguo ikikosekana, mjane ndiye anayeulizwa. Na jibu ambalo watu wanalo tayari vichwani ni moja: ameshampa mwanaume mwingine.

"Sasa mimi nimekaa hapa Malaba," alisema, "na wao wanajua hapa ni wanaume wa malori. Wakikosa hata soksi watasema nimeolewa. Watanifukuza kwa boma, mimi na watoto."

"Kwa nini umeitoa, basi?"

"Nimeona aibu waione imeungua hivi. Mama yake atasema sikuwa namwangalia."

Nilimwambia aende akapumzike. Niliitundika kwenye msumari. Mpaka hapo nina hakika, kwa sababu nakumbuka jinsi kile kiwiko kilichoungua kilivyoninukia moshi wa dizeli nilipoinua mkono.

Kuanzia hapo sina hakika na jambo lolote.

Ijumaa niliamka nikakuta paka amelala sakafuni katikati ya rundo la kahawia. Hilo nalikumbuka. Mkono mmoja ulikuwa na birika la chai. Kwa mkono mwingine nilimsukuma paka, nikaokota kitu, nikatundika. Kitu kingine nikakitia ndani ya gunia. Au nilitia kwanza kisha nikatundika? Au vilikuwa vimelala pale viwili, kwa sababu Jumatano nilinunua Busia sweta nyingine ya kahawia, ya mikono mirefu, nene vilevile? Nimepita katika asubuhi hiyo mara nyingi kuliko asubuhi nyingine yoyote ya maisha yangu, na kila nikipita naikuta imebadilika. Mara nyingine birika liko mkono wa kushoto.

Baada ya chai nilikaa, nikawasha redio wakati wa vipindi vya salamu, nikatoa sweta kwenye gunia, nikaifumua. Mikono yangu haikunihitaji kwa kazi hiyo. Nilisikiliza watu wa Webuye wakiwasalimu watu wa Bungoma, nikacheka, nikavuta. Uzi ulikatika mahali penye tundu, nikaufunga. Mitumba yote ina matundu. Nilinung'unika kidogo tu. Hadi saa sita uzi ulikuwa kwenye kamba na jiwe lake, ukidondosha maji.

Jumamosi, uzi ulipokauka, nilifuma kofia ya mtoto mchanga wa jirani, mke wa wakala wa forodha. Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba.

Jumatatu niliiteremsha sweta ya mjane ili niizibe kiwiko. Niligeuza mkono wa kulia. Mzima. Nikageuza wa kushoto. Mzima. Nikatazama shingoni, nikaona kipande cha kitambaa kilichoshonwa chenye maandishi ya lugha nisiyoijua.

Nilikaa chini. Nilidhani kwanza kwamba tundu limejiziba, nawaapia, wazo hilo lilipita kichwani kama wazo la kawaida. Kisha nikamwaga gunia lote sakafuni. Kijani, nyeusi, nyekundu, nyekundu. Nikatazama kamba nje. Nikatazama mabonge manne ya uzi wa kahawia yaliyokaa kwenye kikapu, masafi, yakinukia sabuni.

Nilimpiga paka. Alikuwa amelala dirishani bila habari. Nilimpiga kwa kitambaa cha kroshia, akaruka nje, akapotea hadi siku ya tatu. Paka anaweza kuteremsha sweta kutoka kwenye msumari, lakini hawezi kuirudisha. Hakuna paka wa kutundika sweta. Nililijua hilo hata mkono ukiwa bado hewani, na bado nilimpiga.

Siku ile sikuweza kufanya jambo lolote kwa mpangilio. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilitoka kwenda kwa mjane kumwambia, nikafika mlangoni kwake, nikasikia anawaimbia watoto, nikarudi. Nikatoka tena. Njiani nilikutana na mtu akaniuliza habari ya nyumbani, nikamwambia "kahawia." Akanitazama, akaendelea na safari yake.

Swali lililonichanganya zaidi si la kosa. Kosa niliweza kulielewa. Swali lilikuwa: je, sweta imepotea au haijapotea? Uzi wote ulikuwa nyumbani kwangu. Hakuna hata hatua moja ya uzi ule iliyokuwa imetoka, isipokuwa ule uliokuwa kichwani mwa mtoto wa jirani. Kama nikiufuma tena kwa kipimo kilekile, si itakuwa ileile? Na kama si ileile, ni nini kilichotoka ndani yake kikaenda? Nililifikiria hilo huku nikiosha sufuria, nikaiosha sufuria hiyohiyo mara mbili.

Mwishoni niliamua kuifuma upya, na kumwambia mjane baadaye. Hilo la "baadaye" niliamini kabisa.

Nilihitaji uzi wote, hivyo nilianza na kofia. Nilimkuta mke wa wakala amempakata mtoto barazani, na kofia iko kichwani, imemkaa vizuri hata nikasikitika.

"Nimekuja kuchukua hiyo kofia," nilisema.

"Kwani imefanya nini?"

"Uzi wake si mzuri."

"Si mzuri aje? Mtoto hata ameacha kulia."

"Utamwasha."

"Hajawashwa."

"Atawashwa kesho."

Niliivua mwenyewe. Nilimvua mtoto wa siku kumi na mbili kofia, mbele ya mama yake, na mtoto akaanza kulia hapohapo kama aliyepangwa. Nilimwahidi nyingine ya manjano. Kwa muda wa mwezi mzima mama yake alinisalimu kwa nyusi tu.

Nilifuma kwa sindano za mkono, wala sikugusa mashine yangu, kwa sababu mashine hufanya mishono sawasawa mno na ile ya kwanza haikuwa hivyo. Ilikuwa na mishono iliyokazwa mahali fulani na kulegea mahali pengine, kama ya mtu anayefuma huku akiitwa-itwa. Nilijaribu kukumbuka ilikuwa na mistari mingapi ya pindo, shingo ilikatwa vipi, mikono ilifika wapi. Nilikuwa nimeishika dakika chache tu. Kwa kipimo cha mwili niliitumia ile ya mitumba, ambayo marehemu hakuwahi kuiona. Nilifuma, nikafumua, nikafuma. Sehemu nyingine niliiharibu kidogo kwa makusudi ili isiwe nzuri kupita kiasi, kisha nikaona nimeiharibu vibaya, nikaitengeneza. Paka alirudi siku ya tatu. Nilimwomba msamaha kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Jumatano jioni mjane alipita. Nilikuwa nimemaliza mgongo na kifua, mkono mmoja uko kwenye sindano. Niliposikia hodi yake niliisukuma kazi yote chini ya mto wa kiti, na paka akapanda juu ya mto palepale.

"Mama, ile sweta imefika wapi?"

"Iko," nilisema.

"Kiwiko kinakubali?"

"Kinakubali."

Alikaa kidogo. Alimkuna paka masikioni. Alisema siku hizi halali vizuri, na kwamba watoto wanauliza baba atarudi na lori gani. Nilimpa chai. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, yamejipanga, nami nilinywa chai juu yake nikayameza. Nilijiambia nitamsumbua bure, kwa nini nimsumbue mtu aliyefiwa? Ukweli ni kwamba niliogopa atakwenda kuwaambia watu kwamba kwangu nguo inapotea. Alipoondoka nilijichukia, kisha nikaendelea na mkono wa kulia.

Alhamisi sweta ilikwisha. Niseme wazi: ilikuwa nzuri. Kiwiko cha kulia nilikiwekea kiraka cha uzi mwingine uliofifia kidogo, ili pawe na mahali palipotengenezwa. Niliikunja na kuikunjua mara kumi. Nilijivunia kazi ile, na sikuelewa ninajivunia nini.

Mjane alipokuja kuichukua aliiinua mbele ya mwanga wa mlango. Akasema, "Mama, umeitengeneza mpaka siijui."

"Niliifua," nilisema.

Aliileta usoni, akavuta pumzi, akaishusha taratibu. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi sikuweza kukaa. Nilikuwa nimealikwa, kama majirani wengine wa Malaba walivyoalikwa, lakini sikuwa nimepanga kwenda. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa nyuma ya baiskeli ya bodaboda kuelekea Amukura, nimevaa viatu visivyofanana rangi sawasawa, kimoja cheusi na kingine cha bluu iliyokoza. Niligundua nilipokwisha kushuka.

Watu walikuwa wengi uani. Wanawake walikuwa wakipakua chakula, nami nikapewa sahani na kiti upande wa nyuma. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Juu yake kulikuwa na suruali nne, mashati, koti la mvua, viatu vya buti, kofia, soksi zilizokunjwa mbilimbili, na ile sweta. Mjane alikaa chini, pembeni ya mkeka, miguu ameikunja. Mama wa marehemu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu ya moshi, alikuwa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Mjomba alisimama. Aliziita suruali, akaita mashati, watu wakaja wakachukua. Nikaanza kupumua.

Akaishika sweta. Akaigeuza. Akaipeleka karibu na macho.

"Hii ni gani?"

"Ni sweta yake, mzee," mjane alisema. "Ile ya safari."

"Sweta ya safari mimi naijua. Nimelala nayo kwa lori tukienda Eldoret. Ilikuwa imezeeka. Hii ni mpya."

"Nilipeleka itengenezwe kiwiko."

"Kiwiko inafanya sweta yote ikuwe mpya?"

Watu walicheka. Si wote, lakini walitosha.

"Nauliza vizuri," mjomba alisema. "Ile yenyewe iko wapi? Saa hii nani ameivaa huko Malaba?"

Mjane alitazama ile sweta, na niliona usoni mwake kwamba hata yeye ameanza kuishuku. Hakujua alichokuwa amekileta. Alikuwa amekaa pale mbele ya ukoo mzima wa mumewe, hana hata neno moja la kujitetea, kwa sababu neno lenyewe nilikuwa nalo mimi.

Nilisimama. Sahani ilianguka.

"Ni mimi," nilisema. "Niliifumua."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na paka, nikarudi kwenye gunia, nikaingia kwenye msumari, nikataja jiwe na kamba na mtoto na kofia. Kadiri nilivyozidi kusema ukweli ndivyo ulivyozidi kufanana na uongo. Niliona watu wakitazamana.

"Watu wa Malaba wanajuana," mtu mmoja alisema nyuma yangu. "Huyu ametumwa kumfunika mwenzake."

"Ni uzi uleule," nilisema. "Naapa. Ni uzi uleule wote."

"Uzi ni uzi," mjomba alisema. "Utajuaje huu na ule?"

Nilikuwa mfumaji wa miaka mingi, nami nikaanza tena na paka.

"Lete hapa," mama wa marehemu alisema.

Mjomba alimpelekea. Aliigeuza sweta ndani nje, akapapasa mishono kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Akaomba wembe. Alikata ule mshono unaoshika mkono wa kulia begani, akautoa mkono mzima, akatafuta ncha. Aliipata haraka kuliko ambavyo ningeipata mimi. Akaanza kuvuta.

Ndipo nilipofahamu. Hakuna mtu anayevuta uzi namna ile, kwa vidole viwili, akiulalisha kwenye paja, isipokuwa mtu anayefuma. Sweta ile ilikuwa kazi yake.

Alivuta mstari baada ya mstari. Kisha akaacha kuvuta, akaushika uzi mahali fulani, akaupeleka mdomoni, akaujaribu kwa midomo kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Akavuta tena hadi kiwikoni. Akaacha tena. Vilikuwa vifundo. Niliviona vifundo vile siku ya kufumua, vidogo, vimekaza sana, nikaviacha vilivyo kwa sababu sikuweza kuvifungua, na katika kufuma upya nikavificha upande wa ndani kama nifanyavyo kwa vifundo vyote. Sikuwa nimefikiri kwamba kifundo kinaweza kuwa na mwenyewe.

"Uzi haukunitosha," alisema, bila kumtazama mtu. "Nilikuwa hospitali ya Nangina, nimelazwa na mguu wangu. Walinipa vipande, nikaunga, nikaunga. Nafunga mara tatu na narudisha ncha ndani. Hakuna mtu mwingine anafunga hivi." Aliuinua uzi ili mjomba auone, ingawa mjomba hakuweza kuona chochote pale. "Hivi ni vifundo vyangu. Sweta ya mtoto wangu ndiyo hii. Mwenye aliuliza iko wapi, aangalie."

Mjomba alisafisha koo. Akauliza basi ampe nani.

"Hii haigawanywi," mama alisema. Aliuzungusha uzi wa ule mkono kwenye vidole vyake, akaweka vyote mapajani, akavifunika kwa kanga.

Mjane alikuwa analia. Nilisikia baadaye kwamba hakulia siku ya maziko, na kwamba jambo hilo pia lilikuwa limeongelewa. Sasa alilia kwa sauti, uso ukiwa wazi, mabega yakitikisika, na watu walewale waliocheka walimtazama. Hakuna aliyekwenda kumshika. Sijui kama walidhani analia kwa furaha. Nilitaka kwenda, nikaona siwezi kupita juu ya mkeka, nikabaki nimesimama na viatu vyangu viwili.

Mjane aliponisindikiza hadi barabarani uso wake ulikuwa umekauka. Tulitembea kupita mashamba ya mihogo. Nilifurahi kwamba amesafishwa mbele ya watu, na nilitaka anishukuru, ama anitukane. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Bodaboda alikuwa akingoja.

"Pole," nilimwambia. "Lakini imeisha vizuri. Hawatakufukuza."

"Hawatanifukuza," alisema.

Alitoa jani lililokuwa limeganda begani mwangu, kama mtu anavyomtengeneza mgeni kabla hajaondoka.

"Siku ile nimekuja nikakuuliza, ukaniambia iko," alisema. "Ungeniambia, mama. Ningelia pale kwako. Nilikuwa nimeshika hicho kilio mwezi mzima wasikione."

Nilisema pole tena. Akaniambia nishike vizuri nisianguke, kisha akarudi, maana vyombo vilikuwa vingi na yeye ndiye wa kuviosha.